Dawa za Sonona kwa Watoto Wenye Usonji: Ushahidi wa Majaribio na Maana Yake kwa Buzwagi na Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

IKISIRI

Makala hii inafafanua matumizi ya dawa za sonona kwa watoto wenye usonji na kupima ushahidi wa matumizi hayo kwa kuzingatia mazingira ya Buzwagi, Kahama, pamoja na ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita. Data zilizotumika ni za maktabani: ripoti za majaribio ya kitabibu, miongozo ya matibabu, na tafiti za Afrika Mashariki kuhusu malaria na ukuaji wa mtoto. Makala inabainisha mambo matatu. Kwanza, majaribio makubwa hayajaonesha kwamba dawa hizi hupunguza dalili za msingi za usonji kwa watoto. Pili, madhara yake kwa mtoto ni ya kweli, na kwa mtoto asiyezungumza ni rahisi kudhaniwa kuwa ni usonji wenyewe unaozidi. Tatu, katika eneo lenye malaria nyingi hatari huongezeka, kwa sababu ya degedege na kwa sababu ya mwingiliano kati ya baadhi ya dawa hizi na dawa mseto ya malaria. Makala inapendekeza kwamba tathmini ya mtoto na mafunzo ya walezi vitangulie dawa, na kwamba pale dawa inapohitajika, lengo lake litajwe bayana kabla ya kidonge cha kwanza.

Maneno muhimu: usonji, sonona, amitriptilini, fluoksetini, degedege, dawa mseto, Kahama

1.0 Utangulizi

Buzwagi ipo katika kata ya Mwendakulima, kilomita chache kutoka mjini Kahama. Mgodi wake wa dhahabu ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kusitisha shughuli mwaka 2021, kisha eneo lake likaelekezwa kwenye viwanda na uwekezaji mwingine. Upande wa kaskazini kuna mgodi wa Bulyanhulu, na mbele zaidi ni Geita, ambako uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2000 pembeni ya maelfu ya wachimbaji wadogo. Dhahabu imezikusanya hapa familia kutoka mikoa mingi, na inapopungua mahali pamoja, familia hizo huhama kuifuata kwingine. Kwa mtoto mwenye usonji, kila kuhama kuna gharama yake: kituo kipya cha afya, mhudumu mpya, na historia ya ugonjwa inayoanza kusimuliwa upya.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 100 ana usonji. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Kahama, Msalala, Ushetu au Geita ziko nje ya makadirio hayo. Hata hivyo, Tanzania ina chini ya daktari bingwa 1 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyopo Mwanza, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kahama kwa barabara. Kwa hiyo, mzazi ambaye mtoto wake hazungumzi, halali, anajipiga kichwa au anarudia jambo moja kutwa nzima, hukutana kwanza na mhudumu asiye bingwa. Swali lake ni moja na ni la haki: je, ipo dawa?

Jibu la swali hilo mara nyingi huamuliwa na kilichopo kabatini. Amitriptilini ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na hutumika kwa mambo mengi: sonona, maumivu ya neva, kuzuia kipandauso. Ndugu yake, imipramini, imetumika kwa miaka mingi kwa watoto wanaokojoa kitandani. Fluoksetini nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Njia kutoka kabati la dawa hadi kwa mtoto mwenye usonji ni fupi, na ndiyo maana inastahili kuchunguzwa kabla haijazoeleka.

Makala hii inajibu maswali matatu: (i) Dawa za sonona ziliingiaje katika matibabu ya usonji? (ii) Majaribio yanasema nini kuhusu manufaa na madhara yake kwa watoto? (iii) Mazingira ya ukanda wa dhahabu yanabadilishaje mizani kati ya manufaa na madhara hayo?

2.0 Ufafanuzi wa istilahi

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Dalili zake za msingi ni mbili: ugumu katika mawasiliano na mahusiano na watu, na tabia zinazojirudiarudia pamoja na kung'ang'ania utaratibu uleule. Leo Kanner aliueleza mwaka 1943 kupitia watoto 11. Sonona ni ugonjwa wa hisia: huzuni inayodumu, kukosa raha, kukata tamaa, kubadilika kwa usingizi na hamu ya chakula. Mtu mwenye usonji anaweza kupata sonona, lakini usonji si sonona.

Dawa za sonona zinazohusu mjadala huu ziko katika makundi mawili. Kundi la zamani ni la trisaikliki, ambamo zimo amitriptilini, imipramini na klomipramini. Kundi la pili ni la dawa zinazozuia serotonini kurejeshwa ndani ya seli ya neva baada ya kutolewa, nazo ni fluoksetini, sitalopramu, fluvoksamini, setralini na nyingine za jamii hiyo. Kwa ufupi, makala hii inaliita kundi hili dawa za serotonini.

Ipo pia tofauti ya kimaana ambayo mjadala wote unaitegemea. Kutibu usonji ni jambo moja. Kutibu kitu kinachoandamana na usonji, kama vile wasiwasi uliokithiri au sonona ya kijana, ni jambo jingine. Lugha ya kila siku huziba tofauti hii. Mzazi anaposema mtoto "ametulia," kitenzi hichohicho humhusu mtoto aliyepata nafuu na mtoto aliyeleweshwa na dawa hadi hana nguvu ya kuhangaika. Katika Kiswahili, kutulia ni sifa njema ya mtoto. Katika tathmini ya dawa, neno hilo halitoshi: ni lazima kuuliza kama mtoto anacheza zaidi, anaonesha anachotaka zaidi, anajifunza zaidi, au amenyamaza tu.

3.0 Chimbuko la matumizi ya dawa za sonona katika usonji

Dawa hizi hazikuingia katika usonji kwa bahati. Mwaka 1961, Schain na Freedman waliripoti kwamba baadhi ya watoto wenye usonji walikuwa na kiwango kikubwa cha serotonini katika damu. Matokeo hayo yamerudiwa na watafiti wengine na ni miongoni mwa matokeo ya kibiolojia yanayoaminika zaidi katika uwanja huu. Hata hivyo, serotonini ya kwenye damu hubebwa zaidi na chembe sahani, na kiwango chake hakituambii moja kwa moja kinachoendelea ndani ya ubongo. Matokeo hayo yalifungua swali, hayakutoa tiba.

Hoja ya pili ilitokana na mfanano. Dawa za serotonini na klomipramini husaidia watu wenye ugonjwa wa kurudiarudia mawazo na vitendo bila kutaka. Kwa kuwa mtoto mwenye usonji pia hurudia vitendo, watafiti walidhani kwamba dawa ileile ingefaa. Mfanano huo una kasoro. Mtu mwenye ugonjwa wa kurudiarudia kwa kawaida husumbuliwa na kitendo chake na angependa kukiacha, ilhali mtoto mwenye usonji anayezungusha kifuniko cha chupa mara nyingi hupata utulivu humo. Vitendo vinaweza kufanana kwa macho na vikawa na mizizi tofauti.

Majaribio ya mwanzo yalitia moyo. McDougle na wenzake (1996) waliwapa watu wazima 30 wenye usonji fluvoksamini au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 12. Wanane kati ya 15 waliopewa dawa walionesha nafuu, na hakuna hata mmoja katika kundi la pili. Hollander na wenzake (2005) walitumia fluoksetini ya maji kwa kiwango kidogo kwa watoto na vijana 39, wakaona kupungua kwa tabia za kujirudiarudia. Ni matokeo ya namna hii yaliyoifanya dawa ya sonona ionekane kuwa njia ya kawaida.

4.0 Ushahidi wa majaribio makubwa

Picha ilibadilika majaribio yalipokua. King na wenzake (2009), katika vituo sita nchini Marekani, waliwagawa kwa nasibu watoto 149 wa umri wa miaka 5 hadi 17: kundi moja lilipewa sitalopramu na jingine kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 12. Asilimia 32.9 ya waliopewa dawa walihesabiwa kuwa na nafuu, ikilinganishwa na asilimia 34.2 ya wale ambao hawakupewa dawa. Hapakuwa na tofauti ya manufaa. Tofauti ilionekana kwenye madhara: watoto waliotumia dawa walizidi kwa kuchangamka kupita kiasi, kufanya mambo bila kufikiri, kushindwa kutulia kwenye jambo moja, kukosa usingizi, kuharisha, na hata kuongezeka kwa vitendo vya kujirudiarudia, yaani dalili ileile iliyokusudiwa kupunguzwa.

Takwimu hizo zinafundisha jambo linalopita sitalopramu. Theluthi ya watoto walionekana kupata nafuu bila kumeza dawa yoyote. Dalili za usonji hupanda na kushuka, mtoto hukua, na mzazi anayefuatiliwa na wataalamu kwa wiki 12 hupata tumaini na humwangalia mtoto wake kwa jicho jingine. Kwa hiyo, mhudumu anayesema "nimewapa watoto watatu na mmoja amepata nafuu" anasema kweli, na mzazi wa mtoto huyo pia anasema kweli. Kisichothibitika ni kwamba dawa ndiyo iliyoleta nafuu.

Williams na wenzake, katika mapitio ya Cochrane yaliyohuishwa mwaka 2013, walikusanya majaribio tisa yenye washiriki 320. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa manufaa ya dawa za serotonini kwa watoto wenye usonji, na kwamba ushahidi wa madhara unajitokeza. Miongoni mwa madhara makubwa yaliyotajwa ni mtoto mmoja katika jaribio la sitalopramu aliyepata degedege la muda mrefu. Kwa watu wazima, ushahidi wa manufaa ulikuwa mdogo na wa majaribio madogo. Carrasco na wenzake (2012) waliongeza tahadhari nyingine: majaribio yenye matokeo mazuri yalikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuchapishwa, na upendeleo huo ukirekebishwa kihesabu, manufaa yaliyodhaniwa kuhusu tabia za kujirudiarudia yanatoweka.

Jaribio la Reddihough na wenzake (2019) nchini Australia lilihusisha watoto na vijana 146 wa umri wa miaka 7.5 hadi 18, waliotumia fluoksetini au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 16. Hesabu ya awali ilionesha tofauti ndogo kwa upande wa fluoksetini, lakini tofauti hiyo haikubaki na uzito wa kitakwimu baada ya kuzingatia hali ya watoto mwanzoni mwa jaribio. Aidha, takriban robo ya washiriki hawakumaliza. Haiwezekani kujenga matibabu ya mtoto juu ya tofauti ya namna hiyo.

Miongozo imefuata ushahidi huo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 unaelekeza kwamba dawa za sonona zisitumike kwa dalili za msingi za usonji kwa watoto na vijana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa, toleo la 2016, unaelekeza kwamba dawa za sonona zisitumike kwa watoto wa chini ya miaka 12, na kwamba trisaikliki zisitumike kwa vijana. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kuhusu dawa zote za sonona kwa watoto na vijana. Katika majaribio yaliyochambuliwa, mawazo au vitendo vya kujidhuru vilionekana kwa takriban asilimia 4 ya waliotumia dawa na asilimia 2 ya wasiotumia. Hakuna aliyejiua katika majaribio hayo, lakini ongezeko lilikuwa kubwa kiasi cha kutopuuzwa.

5.0 Mazingira ya ukanda wa dhahabu

Majaribio yaliyotajwa yalifanyika mahali ambapo malaria si sehemu ya maisha ya mtoto. Kahama na Geita ni tofauti. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha maambukizi ya malaria ya takriban asilimia 8 kwa watoto wa chini ya miaka mitano nchini, lakini mkoa wa Shinyanga ulikuwa na takriban asilimia 16. Tofauti hii inaibadilisha mizani kwa njia nne.

5.1 Degedege na kifafa

Usonji na kifafa huandamana mara nyingi. Makadirio mengi ni kati ya asilimia 10 na 30 ya watu wenye usonji. Malaria kali huongeza mzigo huo. Utafiti wa Mankoski na wenzake (2006) nchini Tanzania ulihusu watoto 20, ambapo 14 walitimiza vigezo vya kiutafiti vya usonji. Watatu kati yao walikuwa wamekua kawaida, kisha dalili za usonji zikaanza walipopona malaria kali iliyoambatana na homa ya muda mrefu na degedege. Idadi hii ni ndogo na haithibitishi kwamba malaria husababisha usonji kwa watoto wengi, ila inaonesha kwamba historia hizi mbili hukutana katika mtoto mmoja. Nchini Uganda, John na wenzake (2008) waliona kwamba takriban mtoto 1 kati ya 4 waliopona malaria ya ubongo alikuwa na upungufu wa utambuzi miaka miwili baadaye.

Trisaikliki hushusha kizingiti cha degedege, yaani huufanya ubongo ushikwe kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo, swali la kwanza kwa mzazi wa Buzwagi lingepaswa kuwa: mtoto huyu amewahi kupata degedege? Swali hilo lina ugumu wake, kwani katika jamii nyingi za Tanzania degedege huhesabiwa kuwa jambo la kupelekwa kwa waganga wa jadi, ambao Wasukuma huwaita bafumu, na si la kusimuliwa hospitalini. Mhudumu asipouliza kwa jina hilo, na kwa upole, anaweza kuandika "hana kifafa" kwenye faili la mtoto aliyeshikwa mara tano.

5.2 Mwingiliano na dawa mseto ya malaria

Tangu mwishoni mwa mwaka 2006, tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali nchini ni dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, inayofahamika kama ALu. Maelezo rasmi ya dawa hiyo yanaonya dhidi ya kuitumia pamoja na imipramini, amitriptilini au klomipramini. Sababu ni mbili. Lumefantrini inaweza kuzuia kimeng'enya cha ini kinachojulikana kama CYP2D6, ambacho huchakata dawa hizo, hivyo kiwango chake katika damu kinaweza kupanda. Vilevile, dawa hizo zinaweza kurefusha muda ambao moyo huchukua kujiandaa kwa pigo linalofuata, na zikikutana, mapigo yanaweza kuvurugika. Kwa sitalopramu, onyo kuhusu moyo lilitolewa Marekani mwaka 2011.

Hali hii si ya nadharia tupu katika eneo la malaria. Mtoto anayepewa amitriptilini kwa miezi sita kwa sababu halali usiku ana uwezekano mkubwa wa kuugua malaria ndani ya miezi hiyohiyo. Atapimwa kwa kipimo cha haraka, mara nyingi katika kituo tofauti na kile kilichompa amitriptilini, na atapewa ALu. Kila mhudumu atakuwa amefuata utaratibu wake, na mtoto ndiye atakayezibeba dawa zote mbili. Kwa fluoksetini kuna jambo la ziada: mabaki yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, hivyo kuisitisha siku ya homa hakuiondoi.

5.3 Uchakataji wa dawa mwilini

Viwango vya dawa katika majaribio vilipimwa zaidi kwa watoto wa Marekani na Australia. Kimeng'enya cha CYP2D6 hakifanyi kazi kwa kasi moja kwa watu wote. Masimirembwa na wenzake (1996) nchini Zimbabwe, na Wennerholm na wenzake (1999) nchini Tanzania, walionesha kwamba uwezo wa kuchakata dawa kupitia kimeng'enya hiki ni mdogo zaidi kwa watu wengi wa maeneo hayo kuliko Ulaya, kutokana na maumbile ya jeni yanayopatikana kwa wingi Afrika. Kiwango kinachoitwa kidogo katika kitabu kinaweza kisiwe kidogo kwa mtoto wa Kahama.

5.4 Usalama nyumbani na mtoto asiyezungumza

Trisaikliki ni hatari sana zikimezwa kwa wingi. Miligramu 10 hadi 20 za amitriptilini kwa kila kilo ya uzito zinaweza kuhatarisha maisha. Kwa mtoto wa kilo 12, hivyo ni vidonge 5 hadi 10 vya miligramu 25, idadi inayotosha katika kiganja kimoja. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo mtoto mwenye usonji huweka vitu mdomoni na ana wadogo zake, mfuko wa dawa uliowekwa juu ya kabati haupo mbali.

Aidha, mtoto asiyezungumza hawezi kusema kwamba moyo unamwenda mbio, kinywa kimekauka, au ndani anahisi msukumo wa kutotulia. Methali isemayo mgonjwa haulizwi uji haiwezi kuhamishiwa kwenye dawa hizi, kwa kuwa usalama wake hutegemea sana kile mgonjwa anachoweza kueleza. Msukumo wa kutotulia unaoletwa na dawa huonekana kwa macho kama usonji uliozidi. Mhudumu asiyeufahamu huongeza kiwango cha dawa, na mtoto huzidi kuhangaika kwa sababu ya tiba yenyewe.

6.0 Nafasi iliyobaki kwa dawa

Hoja ya makala hii si kwamba dawa hazina nafasi kabisa. Kijana mwenye usonji anaweza kupata sonona au wasiwasi uliokithiri, hasa anapofahamu kwamba anatengwa na wenzake. Kijana huyo ana haki ya kutibiwa sonona yake kama kijana mwingine yeyote. Kwa wa miaka 12 na kuendelea, fluoksetini inaweza kufikiriwa chini ya usimamizi wa bingwa, baada ya msaada wa kisaikolojia kujaribiwa. Hapo kinachotibiwa ni sonona, na mafanikio yatapimwa kwa sonona.

Ipo pia dawa ambayo majaribio yameonesha kazi yake katika jambo mahususi. Risperidoni, ambayo si dawa ya sonona, ilijaribiwa kwa watoto 101 wenye usonji na hasira kali au kujiumiza: asilimia 69 walipata nafuu ikilinganishwa na asilimia 12 ya wasiopewa dawa (2002). Nayo haitibu usonji wenyewe, na huongeza uzito kwa kiasi kinachohitaji ufuatiliaji. Mfano huu unathibitisha kwamba majaribio yana uwezo wa kuonesha manufaa pale yalipo. Kwa hiyo ukimya wake kuhusu dawa za sonona una maana.

Endapo bingwa ataamua kutumia dawa ya sonona kwa mtoto mwenye usonji, masharti ya chini yawe haya: lengo moja liandikwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa, historia ya degedege na ya moyo iulizwe, trisaikliki ziepukwe, kadi ya mtoto iandikwe dawa anayotumia ili mhudumu wa malaria aione, tarehe ya tathmini iwekwe, na dawa isitishwe kwa utaratibu iwapo lengo halijafikiwa. Dawa isiyo na lengo lililoandikwa haina siku ya kukoma.

7.0 Yanayopaswa kutangulia dawa

Hatua ya kwanza ni kumchunguza mtoto kikamilifu. Mtoto asiyeitika anapoitwa anahitaji kupimwa usikivu kabla ya lolote. Mtoto anayejipiga shavu anaweza kuwa na jino bovu au sikio linalouma. Usiku usio na usingizi unaweza kuwa na sababu ya kawaida, kama minyoo, njaa au kelele za mashine za kusaga mawe. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, uwezekano wa sumu ya zebaki uzingatiwe. Uchunguzi uliohusisha watoto wa maeneo ya uchimbaji dhahabu nchini Zimbabwe na Indonesia, uliochapishwa na Bose-O'Reilly na wenzake mwaka 2008, ulionesha dalili za neva, kama kutetemeka na kuyumba, kwa watoto wanaoishi au kufanya kazi kwenye uchenjuaji. Dalili hizo si usonji, na dawa ya sonona haiondoi zebaki.

Hatua ya pili ni kuwapa walezi ujuzi. Shirika la Afya Duniani lina mpango wa mafunzo kwa walezi wa watoto wa umri wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, ukiwa na vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani. Mpango huo huendeshwa na watu wasio mabingwa na umechunguzwa Ethiopia na Kenya. Mlezi hujifunza kuingia katika mchezo wa mtoto, kugawa kazi ya nyumbani katika hatua ndogo, kutumia ishara na picha, na kusoma sababu ya tabia kabla ya kuizuia. Kwa Kahama, ambako wahudumu wa afya ngazi ya jamii tayari hupita kaya kwa kaya, mpango wa namna hii uko karibu zaidi kuliko daktari bingwa.

Hatua ya tatu ni shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya elimu, na Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam imeonesha kwamba kitengo cha usonji kinaweza kuwa ndani ya shule ya kawaida ya serikali. Mtoto mwenye mahali pa kwenda asubuhi, mwalimu anayemfahamu na ratiba isiyobadilikabadilika hupata kile ambacho kidonge hakijaweza kuthibitisha kukitoa.

8.0 Hitimisho

Dawa za sonona ziliingia katika usonji kupitia matokeo ya kweli kuhusu serotonini na kupitia mfanano wa vitendo. Majaribio makubwa yalipofanyika, manufaa yaliyotarajiwa kwa watoto hayakuonekana, na madhara yakajitokeza. Katika ukanda wa dhahabu, madhara hayo yanakutana na malaria, degedege, dawa mseto na umbali wa kumfikia bingwa. Kwa mantiki hiyo, kinachoweza kuvumilika chini ya ufuatiliaji wa karibu katika hospitali ya kufundishia hakiwezi kuhamishiwa kituo cha afya kana kwamba mazingira ni yaleyale.

Makala inapendekeza mambo matatu kwa watafiti na watunga sera. Kadi ya kliniki ya mtoto iwe na sehemu ya dawa za muda mrefu, ili mhudumu anayetoa ALu aweze kuziona. Mafunzo ya wahudumu yatenganishe, kwa Kiswahili kilicho wazi, kutibu usonji na kutibu kinachoandamana nao. Na tafiti za dawa kwa watoto wenye usonji zifanyike pia katika maeneo ya malaria. Mzazi anayeuliza kama dawa ipo astahili kujibiwa ukweli wote: kwa usonji wenyewe, dawa ya sonona si jibu, lakini mambo ya kumfanyia mtoto wake yapo mengi, na mengi yanaweza kuanza hapohapo Buzwagi.